Namna ya Kusoma Nyaraka za Kamati ya Kampeni ya Uteuzi: Kennedy 1960, kwa Anayeanza

Karibu kila mwezi napata maswali yaleyale. Mwanafunzi wa historia Eldoret, mwalimu Dodoma, mjukuu wa mzee aliyepanda ndege ya Airlift (mpango wa kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani), wote wanauliza: nyaraka za kampeni ya Kennedy ziko wapi? Ni lazima nifike Marekani? Mbona nimeandika "Kenya" kwenye kisanduku cha kutafutia nikaambulia makapi? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa naandika mara moja ili anayeuliza nimwelekeze hapa.

Nyaraka ninazozungumzia ni za kamati iliyomtafutia John F. Kennedy tiketi ya chama cha Democratic. Kazi yake ilitangazwa rasmi tarehe 2 Januari 1960, Kennedy aliposimama katika ukumbi wa Seneti mjini Washington kusema anawania urais, na ikaisha usiku wa 13 Julai mjini Los Angeles, wajumbe wa mkutano mkuu walipompa kura 806 katika raundi ya kwanza. Baada ya usiku huo ilianza kampeni nyingine, ya kupambana na Richard Nixon, mgombea wa Republican. Wengi huzichanganya kampeni hizi mbili, na kupotea kwao kunaanzia hapo.

Ukisahau mengine yote, shika hili. Nyaraka hizi zimepangwa kwa kumfuata mtu aliyezishika mkononi. Hazikupangwa kwa mada unayoitafuta wewe, miaka sitini na kitu baadaye. Kwa hiyo kabla hujauliza "kuna nini kuhusu Kenya?" uliza kwanza: jambo hili lilipita kwenye meza ya nani?

Tuwekane sawa pia kuhusu maneno. Nikisema kura za mchujo, ni zile ambazo Watanzania huziita kura za maoni ndani ya chama. Nikisema utafiti wa maoni, ni kazi ya wale wanaopita kuwauliza watu wangempigia nani. Katika nyaraka hizi vyote viwili vimejaa. Ukivichanganya katika daftari lako, kesho hutajua namba ipi ilitoka ndani ya sanduku la kura na ipi ilitoka mdomoni mwa watu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali moja, lililoandikwa kwa sentensi moja. "Nataka kujua kuhusu kampeni ya Kennedy" halijawa swali. "Kamati ilijibuje hofu ya wapiga kura wa West Virginia kuhusu Mkatoliki kuwa rais?" hilo ni swali, na lina jimbo, lina muda.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta, lenye safu tano: mkusanyo, boksi, faili, tarehe ya karatasi, kilichomo.
- Kalenda ya mwaka 1960. Utaihitaji kuliko unavyodhani.
- Bando la kutosha. Faili zilizopigwa picha ni nzito, na faili moja inaweza kuwa na kurasa mia na zaidi.
- Kiingereza cha kusoma, pamoja na uvumilivu wa kusoma mwandiko wa mkono.
- Ukiamua kwenda mwenyewe: pasipoti, penseli, simu au kamera, kompyuta ndogo.

Huhitaji kuwa na digrii wala barua ya chuo. Nyaraka hizi ziko katika Maktaba ya Rais John F. Kennedy huko Columbia Point, Boston, iliyofunguliwa 1979. Maktaba hiyo iko chini ya idara ya kumbukumbu ya taifa la Marekani. Mtu yeyote anaweza kuomba kusoma, na kusoma ni bure.

Hatua ya 1: Jua nani alishika nini

Chukua ukurasa mtupu uandike majina haya. Robert F. Kennedy, mdogo wake mgombea, ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni. Stephen Smith, shemeji yao, alisimamia ofisi na uendeshaji. Lawrence O'Brien alijenga mtandao wa watu mashinani, jimbo hadi jimbo. Kenneth O'Donnell alikuwa karibu na mgombea katika ratiba na safari. Theodore Sorensen aliandika hotuba na kushika sera. Pierre Salinger aliongea na waandishi wa habari. Louis Harris alifanya utafiti wa maoni. Evelyn Lincoln alikuwa katibu muhtasi wa mgombea.

Sasa rudi kwenye swali lako la West Virginia. Hofu ya dini iligusa hotuba, kwa hiyo iko kwa Sorensen. Iligusa namba, kwa hiyo iko kwa Harris. Iligusa wazee wa chama wilayani, kwa hiyo iko kwa O'Brien na Robert Kennedy. Swali lako ni moja, lakini meza ni tatu au nne, na kila meza ina mafaili yake. Ukifanya zoezi hili kwa dakika ishirini tu umeshaokoa wiki nzima.

Hatua ya 2: Weka tarehe ukutani

Mchujo wa New Hampshire ulikuwa 8 Machi, wa Wisconsin 5 Aprili, na wa West Virginia 10 Mei. Huko West Virginia Kennedy alimshinda Hubert Humphrey, mpinzani wake ndani ya chama, kwa takriban asilimia 61 kwa 39, Humphrey akajitoa. Mkutano mkuu wa Los Angeles ulikuwa 11 hadi 15 Julai, na kura ya uteuzi ikapigwa tarehe 13.

Kila karatasi utakayoishika, iweke kwenye mstari huu. Memo inayosema "hali si nzuri" ya tarehe 20 Aprili na nyingine yenye maneno hayohayo ya tarehe 20 Juni hazizungumzi hali moja. Ya kwanza inaogopa West Virginia. Ya pili inahesabu wajumbe.

Kumbuka pia kwamba mwaka 1960 majimbo mengi ya Marekani hayakuwa na mchujo kabisa. Wajumbe wengi walichaguliwa katika vikao vya chama vya majimbo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kamati ilikuwa kuwabembeleza magavana, mameya na wenyeviti. Anayekwenda moja kwa moja kwenye mafaili ya mchujo tu atakosa karibu nusu ya hadithi.

Hatua ya 3: Soma mwongozo wa mkusanyo kwanza

Kila mkusanyo una kijitabu chake kinachoeleza nani alizileta karatasi, zimegawanywa katika mafungu gani, na kila boksi lina mafaili yapi. Kwa kazi yetu, fungu kuu linaitwa Presidential Campaign Files, 1960, ndani ya karatasi za Kennedy za kabla ya kuwa rais. Karatasi za kisiasa za Robert Kennedy zina fungu lake mbali, na za Sorensen nazo ziko peke yake.

Soma mwongozo wote, pamoja na zile kurasa za mwanzo zinazochosha. Humo ndimo mnaandikwa kama fungu limepangwa kwa majimbo, kwa majina ya watu au kwa tarehe. Ukishajua mpangilio, unajua pa kuingilia. Fungu lililopangwa kwa majimbo halikuulizi mada, linakuuliza jimbo.

Kosa ninaloliona kila siku: mtu anaruka mwongozo, anakimbilia kisanduku cha kutafutia, anaandika neno moja, anapata matokeo matatu, anahitimisha kuwa "hakuna kitu". Kisanduku husoma zaidi majina ya mafaili na maelezo mafupi. Hakisomi kila mstari wa kila barua. Barua uitakayo inaweza kuwa imelala kimya ndani ya faili lenye jina la mtu usiyemjua.

Hatua ya 4: Tafuta kwa lugha ya wakati ule

Mwaka 1960 hakukuwa na Tanzania. Kulikuwa na Tanganyika na Zanzibar. Rwanda na Burundi zilikuwa "Ruanda-Urundi". Kongo iliandikwa "Belgian Congo" hadi 30 Juni 1960 ilipopata uhuru, na hata baada ya hapo makatibu wengine waliendelea na jina la zamani. Wamarekani Weusi waliandikwa "Negro", nawe utalazimika kuliandika neno hilo kwenye kisanduku, lipende usilipende, maana wapiga taipu wa siku hizo ndilo walilolitumia.

Majina ya watu yajaribu kwa tahajia zote. Mpiga taipu wa Washington akisikia jina la Kijaluo au la Kikikuyu kwenye simu aliliandika alivyolisikia.

Hatua ya 5: Anza na zilizoko mtandaoni

Tangu 2011 maktaba imekuwa ikiweka mafaili yake kwenye intaneti, bure. Faili huwekwa zima kama lilivyo ndani ya boksi, na kila moja lina namba ya utambulisho: herufi za mkusanyo, kisha boksi, kisha faili. Inakili namba hiyo kabla hujasoma neno la kwanza.

Nasisitiza hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma, nikiwa kwenye hifadhi moja, nilipiga picha siku mbili mfululizo kwa simu, mamia ya kurasa, bila kupiga picha ya jalada la faili hata mara moja. Nilirudi nyumbani na karatasi nzuri ambazo siwezi kusema zilitoka wapi. Hadi leo sijaweza kutumia hata moja katika maandishi yangu, kwa sababu msomaji hana njia ya kwenda kuhakikisha. Siku hizi picha ya kwanza ni lebo ya boksi, ya pili jalada la faili, ndipo karatasi zifuate.

Hatua ya 6: Mwandikie mtunza nyaraka

Ukishamaliza ya mtandaoni, andika barua pepe kwa maktaba. Iwe fupi na iwe na mambo manne: swali lako kwa sentensi moja, miongozo uliyokwisha kusoma, namba za boksi na faili unazodhani zinahusika, na unachoomba, yaani ushauri, nakala au nafasi ya kwenda kusoma. Usianze na wasifu wa aya tatu.

Hawa watu wanazijua karatasi zao kama mkulima anavyolijua shamba lake. Ukiwaonyesha kuwa umeshalima kipande chako, watakuonyesha kilipo kingine. Ukiwaandikia "naomba kila kitu kuhusu Kennedy na Afrika", utapata kiungo cha ukurasa wa mwanzo wa tovuti.

Nakala za karatasi huwa na malipo kwa kila ukurasa. Uliza bei kwanza, na uagize faili ulilolitaja kwa namba, kamwe usiagize boksi zima.

Hatua ya 7: Ukifika chumba cha kusomea

Weka miadi mapema. Utasajiliwa, utaonyesha kitambulisho, na mabegi yako yatabaki nje ya chumba. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Picha unapiga bila mwako. Unatoa faili moja kwa wakati mmoja, unaweka alama mahali lilipotoka, unalirudisha hapohapo kabla hujagusa jingine.

Usipange upya karatasi hata kama unaona wazi kuwa ya Machi imewekwa baada ya ya Mei. Huenda katibu aliiweka hapo kwa sababu mtu aliiomba Mei. Mpangilio wenyewe ni ushahidi.

Hatua ya 8: Soma karatasi yote, pamoja na kingo zake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa sitaki uharakishe.

Chukua barua ya kawaida ya kampeni. Juu kulia imeandikwa 5/10/60. Sisi tuliosoma shule za Afrika Mashariki macho yanasoma tarehe tano Oktoba. Wamarekani hutanguliza mwezi: hiyo ni tarehe kumi Mei, siku ya kura ya West Virginia. Nimeona insha nzuri ya mwanafunzi ikianguka kwa sababu ya tarehe kama hiyo. Alikuwa ameihamisha barua ya asubuhi ya mchujo hadi vuta nikuvute ya mwezi wa kumi dhidi ya Nixon. Kila tarehe iandike upya kwa maneno kwenye daftari lako, mwezi ukiwa kwa jina.

Sasa shika karatasi yenyewe. Kama ni nyembamba sana, laini, na herufi zake zina ukungu, hiyo ni nakala ya kaboni. Maana yake barua halisi ilikwenda kwa mtu mwingine, na iko katika karatasi za mtu huyo kama alizitunza. Aliyetuma hubaki na kaboni. Aliyepokea ndiye mwenye sahihi, bahasha, na yale aliyoyaandika pembeni kwa hasira au furaha. Kama karatasi ni nzito na ina nembo juu, basi hapa ndipo ilipopokelewa.

Teremka hadi chini kushoto. Utaona herufi kubwa, alama, kisha herufi ndogo. Kubwa ni za mwandishi, ndogo ni za mpiga taipu. TCS ni Theodore C. Sorensen. Ukiona barua imesainiwa na mgombea lakini chini kuna TCS, umejua ni nani aliyetunga. Sahihi ya mgombea nayo usiipe uzito mno, kwani katika kampeni kubwa makatibu walisaini kwa niaba, na mashine pia zilitumika. Sahihi haithibitishi kwamba aliisoma barua.

Halafu kingo. Alama ya tiki kwa penseli, mstari chini ya jina, neno moja kama "ndiyo" au "ngoja", mshale unaotoka kwenye jina hadi herufi tatu za mtu mwingine. Maandishi haya madogo mara nyingi ndiyo uamuzi; taipu yote iliyo juu yake ni maombi tu. Usipige picha ya taipu ukaikata pembezoni.

Utakutana pia na karatasi za stensili, zilizorudufiwa kwa mamia: taarifa kwa magazeti, ratiba, maelekezo kwa watu wa kujitolea. Hizi zinaonyesha kamati ilitaka watu waamini nini. Zisome, lakini uziweke safu tofauti na memo za ndani.

*Orodha za wajumbe.* Hizi zinastahili tahadhari ya peke yake, kwa sababu zinavutia na zinadanganya. Karatasi ina majina ya majimbo upande mmoja na safu za namba: wa uhakika, wanaoegemea kwetu, wenye shaka, wa wengine. Mambo matatu.

Kwanza, angalia nani amehesabu na lini. Jimbo hilohilo linaweza kuwa na namba tatu kutoka kwa watu watatu ndani ya wiki moja.

Pili, kura na mjumbe si kitu kimoja. Mkutano wa 1960 ulikuwa na kura 1,521, na ushindi ulihitaji 761, lakini watu waliokaa ukumbini walikuwa wengi zaidi kwa sababu majimbo mengine yalituma wajumbe wawili kugawana kura moja. Ndiyo maana Adlai Stevenson, mmoja wa waliopigiwa kura pamoja na Kennedy, alipata kura 79½. Ukiona nusu kwenye hesabu, usiifute ukidhani ni kosa la taipu.

Tatu, orodha ya Juni ni matumaini ya Juni. Mlinganisho wake ni matokeo ya usiku wa 13 Julai: Kennedy 806, Lyndon Johnson 409, Stuart Symington 86, Stevenson 79½, na waliobaki. Kura zilizomvusha Kennedy zilitoka Wyoming, jimbo karibu la mwisho kuitwa. Weka orodha ya kamati pembeni ya matokeo hayo, jimbo kwa jimbo, na uone walikosea wapi. Kwangu mimi hakuna zoezi linalofundisha kusoma nyaraka za uteuzi kuliko hilo.

Hatua ya 9: Fuata waliokuwa upande wa pili

Kamati hujisifu ndani ya mafaili yake yenyewe. Kwa hiyo nenda kwa wapinzani. Karatasi za Humphrey ziko kwa chama cha kihistoria cha Minnesota mjini St. Paul. Za Johnson ziko Austin, Texas. Za Stevenson ziko Princeton. Za Nixon ziko Yorba Linda, California. Tukio moja la West Virginia likisomwa Boston na St. Paul hutoka na sura mbili, na mahali sura hizo zinapogongana ndipo pa kuchimba.

Mfano mmoja hadi mwisho: Airlift

Hili ndilo wengi wenu mnalolitafuta. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata fedha za usafiri hazikuwepo. Tom Mboya akaenda kumwona Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port tarehe 26 Julai 1960, na wakfu wa familia, Joseph P. Kennedy Jr. Foundation, ukaahidi dola 100,000. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo ni Wangari Maathai.

Sasa pitisha tukio hili kwenye swali letu la meza. Tarehe 26 Julai ni siku 13 baada ya uteuzi, kwa hiyo kamati ya uteuzi ilikuwa imeshamaliza kazi. Usilaumu mafaili ya Wisconsin kwa kutomtaja Mboya. Fedha zilitoka kwa wakfu, hazikutoka kwa kamati. Kennedy alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Afrika katika Seneti, kwa hiyo tazama karatasi zake za useneta. Agosti seneta Hugh Scott wa Republican aliulalamikia wakfu huo ndani ya Seneti na Kennedy akamjibu. Hayo yamo katika Congressional Record, ambayo ndiyo Hansard yao. Serikali iliyokuwa madarakani iliishia nayo kuahidi fedha, na Nixon alihusika, kwa hiyo kuna upande wa Yorba Linda. Barua zilizopokelewa na Mboya mwenyewe zitafute katika karatasi zake, ambazo zimetunzwa Hoover Institution, Chuo Kikuu cha Stanford.

Meza tano, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya kamati ya uteuzi. Mtu aliyekuwa akiandika "Kenya" kwenye kisanduku cha faili za mchujo alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba ambayo anayemtafuta hajawahi kuishi.

Hatua ya 10: Andika chanzo palepale

Andika aina ya karatasi, nani kwa nani, tarehe, faili, boksi, fungu, mkusanyo, maktaba. Kwa mpangilio huohuo kila mara. Ukiacha hadi jioni, umechelewa.

Na tafadhali: ndani ya mafaili haya kuna barua za watu wa kawaida. Mjane anaomba msaada, mgonjwa anaeleza ugonjwa wake, mtu anaacha anwani ya nyumbani. Walimwandikia mgombea, hawakukuandikia wewe wala wasomaji wako. Tumia kilichomo bila kutaja jina lao. Kuhusu haki za kuchapisha, barua ya raia si mali ya serikali hata kama iko kwenye jengo la serikali. Uliza kabla ya kuichapa nzima.

Ukikwama

*Ndani ya faili kuna karatasi inayosema hati imeondolewa.* Hiyo hueleza aina ya hati, tarehe, na sababu ya kuzuiwa, mara nyingi faragha ya mtu au usalama. Inakili yote, kisha mwulize mtunza nyaraka kama inaweza kuombewa mapitio. Hati nyingine hufunguliwa baadaye.

*Karatasi haina tarehe.* Tazama jirani zake ndani ya faili, mhuri wa kupokelewa nyuma yake, siku ya juma iliyotajwa, na matukio yaliyosemwa. Barua inayozungumzia "Jumanne ijayo" na Wisconsin inakubana hadi wiki ya mwisho wa Machi, kwa kuwa 5 Aprili 1960 ilikuwa Jumanne. Andika tarehe uliyoikadiria ndani ya mabano ya mraba ili isichanganywe na iliyoandikwa.

*Sioni hesabu za fedha za mchujo.* Usizitafute kwenye Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ya Marekani. Ilianza kazi 1975. Sheria ya 1925 iliyowataka wagombea kutangaza fedha haikugusa mchujo. Utakachopata ni risiti, barua za shukrani kwa wachangiaji, na bajeti za ofisi zilizobaki kwa bahati. Madai kuhusu fedha West Virginia ni mengi. Usiyaandike kama ukweli kwa sababu tu faili liko kimya, wala usiyakane kwa sababu hiyohiyo.

*Mwandiko hausomeki.* Tafuta karatasi nyingine ya mtu huyohuyo yenye neno unalolijua, ulinganishe herufi moja moja. Ukishindwa, acha nafasi yenye alama ya kuuliza. Usibuni neno.

*Maktaba haijajibu.* Subiri wiki mbili, kisha tuma tena ukiambatisha barua ya kwanza. Wakati unasubiri soma mahojiano ya simulizi ambayo maktaba ilirekodi na watu wa kampeni. Mengi yako mtandaoni. Wazee husahau tarehe, lakini watakutajia majina ya watu wa mashinani, na majina hayo ndiyo majina ya mafaili.

*Jina la babu yangu halipo popote.* Hilo ni la kawaida kabisa. Mwanafunzi mmoja mmoja hakuwa habari kwa kamati ya kampeni. Anza na chuo alichosoma: vyuo vya Marekani hutunza kumbukumbu za wanafunzi, magazeti ya chuo, na vitabu vya picha vya kila mwaka. Waandikie ukitaja mwaka, tahajia zote za jina, na jina la ubatizo kama alikuwa nalo, kwa sababu wengi waliandikishwa kwa hilo. Nyumbani nako, kabla ya yote, ombeni ruhusa mfungue lile sanduku la bati chini ya kitanda. Barua ya kukubaliwa chuoni huwa imo, na juu yake pana jina la ofisi iliyoituma.